Mto Huanza Chini: Kutoka Simbamwene hadi Gulwe

Mwezi Aprili 1871, msafara wa Henry Morton Stanley uliotoka Bagamoyo kumtafuta mmisionari na msafiri Livingstone ulifika chini ya milima ya Uluguru, ukakuta mji uliozungushiwa ukuta wa mawe. Kila pembe ilikuwa na mnara. Malango manne yalitazama pande nne za dunia, na mbao zake zilikuwa na nakshi za kihodari kiasi kwamba mgeni huyo alihisi zimechongwa Unguja au penginepo pwani. Alikadiria wakazi kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Mwanzilishi wa mji alikuwa Kisabengo, Mzigua aliyejijengea utawala palipo Morogoro ya leo, na baada ya kifo chake alitawala binti yake, Simbamwene. Katika maandishi ya wasafiri wa wakati ule, mji wenyewe unaitwa kwa jina la binti huyo.

Mwaka uliofuata Stanley alirudi kwa njia ileile, akiwa amebeba barua za Livingstone. Ilikuwa masika ya 1872, masika ambayo kimbunga kiliipiga Unguja mwezi Aprili na kuangusha mikarafuu. Alipofika Simbamwene, ukuta wote wa mbele ulikuwa umechukuliwa na maji, pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Mtawala alikuwa amekimbia. Vijiji vya Waluguru mlimani navyo vilikuwa vimeumia. Stanley anaeleza chanzo cha uharibifu huo: Kisabengo, enzi za uhai wake, alichimbisha mfereji mkubwa kuvuta mkono wa mto Ngerengere karibu na mji, na mfereji huo ulikuwa fahari yake. Mafuriko yalipokuja yalipita humohumo. Maji yalipotulia, mto ulikuwa umejichimbia njia mpya umbali wa yadi 300 hivi kutoka mjini.

Stanley si shahidi wa kuaminiwa kwa kila neno. Aliwaandika watu waliombebea mizigo kwa dharau, na alipenda kukuza mambo yake. Lakini habari hii haimpi sifa yoyote, na kila anayeijua mito yetu ataitambua. Ukuta uliojengwa kuzuia bunduki haukuwa na kitu cha kuzuia maji pale chini, mahali mawe yanapokutana na udongo. Nimeanza na Simbamwene kwa sababu hiyo. Kutoka hapo nimeifuata njia ya kale ya misafara kuelekea magharibi, kupitia Mkata na Kilosa hadi bonde la Mkondoa, Gulwe na Mpwapwa. Katika njia hiyo swali ni lilelile tangu enzi za pembe za ndovu hadi enzi za treni ya umeme: ni nani anayelinda mguu wa ukingo?

Njia iliyojua kuhama

Kabla ya Wazungu kuiandika, njia hii ilikuwa ya wapagazi. Wanyamwezi walishuka nayo wakiwa na pembe mabegani, Waswahili na Waarabu walipanda nayo wakiwa na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wasafiri Burton na Speke waliipita sehemu yake mwaka 1857, na Verney Lovett Cameron akaipita mwaka 1873. Bonde la Mkondoa lilipendwa kwa sababu linafungua mlango katika milima ya Usagara. Kuna maji, kuna vijiji vya kununua chakula, na mtu hahitaji kupanda ukuta wa mlima akiwa na mzigo kichwani.

Bei yake ililipwa masika. Mbuga ya Mkata, ambako Mkondoa humwagika baada ya kutoka milimani, hugeuka tope. Mwaka 1873 Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa katika nchi hiyo akiharakisha kuungana na Cameron. Mwaka mmoja kabla yake, Stanley alikuwa akiuvuka mto uliofurika kwenye njia hii wakati kijana aitwaye Rojab alipoingia majini na sanduku la barua za Livingstone kichwani. Maji yakamfika shingoni. Stanley akamwelekezea bastola na kuapa kumpiga risasi akiliangusha. Picha ya tukio hilo ilichapishwa sana Ulaya na Marekani, ikisifiwa kama picha ya ujasiri wa bwana mwenye bastola. Mimi naona ujasiri wa Rojab, aliyekuwa akiupapasa mto kwa nyayo, hatua kwa hatua, akitafuta mahali ambapo sakafu haijachimbwa.

Wapagazi walikuwa na elimu ya mto ambayo haikuandikwa. Kivuko cha mwaka jana hakikuwa lazima kiwe kivuko cha mwaka huu. Ukingo ulipomeguka, njia ilisogea. Kijiji kilipoliwa na kona, watu walijenga nyuma zaidi. Hakuna aliyehitaji kuushinda mto kwa sababu njia yenyewe ilikuwa nyepesi, ya miguu, na iliweza kuupisha.

Njia isiyoweza kuhama

Mwaka 1905 kampuni ya reli ya Wajerumani, iliyoundwa mwaka mmoja kabla, ilianza kulaza reli kutoka Dar es Salaam, na mkandarasi wake akiwa Philipp Holzmann. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, umbali wa takribani kilomita 1,250. Wapimaji walipofika kwenye milima ya Usagara walichagua kile walichochagua wapagazi. Injini ya mvuke haipendi mwinuko mkali, na bonde la Mkondoa liliwapa mwinuko wa taratibu kutoka uwanda wa Kilosa hadi nyanda za Ugogo.

Kwa hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, kipande cha takribani kilomita 80, reli na mto hugawana sakafu moja nyembamba ya bonde. Stesheni zake ni Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode. Mahali pengi tuta la reli limeegemea mlima upande mmoja, na upande wa pili mguu wake uko mtoni. Hakuna nafasi ya kusogea. Njia ya miguu ilihama kwa siku moja, lakini reli yenye mataruma, kokoto, makalavati na madaraja haihami bila fedha za nchi nzima.

Agosti 1916 jeshi la Wajerumani lilipokuwa likirudi nyuma, lilibomoa madaraja ya reli hii ili kuwachelewesha Waingereza na Makaburu waliokuwa wakiwafuata kutoka Dodoma kuelekea Kilosa na Morogoro. Madaraja hayo yalitengenezwa, na vita vikapita. Uharibifu wa mto haukupita, kwa kuwa chanzo chake hakikuondoka. Mto Kinyasungwe huanzia nyanda kavu za Dodoma, hupokea makorongo ya Mpwapwa, hukutana na Lumuma karibu na Kidete, na kwa jina la Mkondoa huteremka Kilosa. Kisha maji yake huingia Wami na kumwagika bahari ya Hindi kaskazini ya Bagamoyo. Sehemu kubwa ya mwaka Kinyasungwe ni barabara ya mchanga ambayo ng'ombe hupita kwa miguu mikavu. Mvua kubwa zikinyesha juu, mchanga huohuo huanza kutembea pamoja na maji, na kila kona ya bonde hujaribiwa.

Yanayotokea chini ya kona

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu wengi wetu hutazama ukingo wa mto kwa juu. Tunaona udongo umemeguka, mti umeinama, uzio wa shamba unaning'inia, na tunadhani maji yalipanda yakauparua ukingo. Kwa kawaida kazi ilianzia pengine.

Mto unapopinda, maji ya juu hukimbilia upande wa nje wa kona. Yakiugonga ukingo huzama, kisha hurudi upande wa ndani yakitambaa sakafuni na kuburuta mchanga. Ndiyo maana upande wa ndani wa kona hujaa mchanga, na upande wa nje huwa na kina kuliko pote. Ukingo wa nje hupata mapigo mawili. Uso wake hukwanguliwa, na sakafu iliyo chini yake huchimbwa. Pigo la pili ndilo linaloua. Mguu wa ukingo, pale mteremko unapokutana na sakafu ya mto, ukishaondoka, udongo wa juu hauna wa kuubeba hata ukiwa na majani mazuri na mizizi mingi. Ukingo wa namna hiyo hufanana na nguzo ya nyumba iliyoingiliwa na mchwa: juu ni nzima, na inasubiri siku tu.

Siku yenyewe mara nyingi si siku ya mafuriko. Maji yakiwa juu, yanausukuma ukingo na kuushikilia, huku yakiingia ndani ya udongo. Mto ukipungua kwa haraka, udongo unabaki mzito wa maji na msukumo wa nje umeondoka. Hapo ndipo vipande vikubwa hukatika na kuporomoka, pengine jua likiwa linawaka na watu wamekwisha kushukuru kwamba salama imerudi. Kwa reli hili ni jambo la kuogofya. Tuta linaweza kuvumilia usiku wa mafuriko, kisha likazama kesho yake chini ya treni.

Mto una siri nyingine. Mafuriko yanapokuwa makali, sakafu ya mchanga huchimbwa mita kadhaa kwenda chini. Maji yakipungua, mchanga unaotoka juu huja kulijaza shimo. Anayekuja kupima kiangazi hukuta sakafu tambarare, na kama hajui hesabu ya mto, ataweka msingi wa ukuta wake katika mchanga uliokuwa ukielea wiki chache zilizopita. Nimeona kuta za aina hiyo katika miji yetu, zimejengwa kwa saruji safi, zimelala kifudifudi mtoni baada ya masika moja. Saruji yake haikuwa na kosa. Msingi haukufika mahali mto unapofika.

Jiwe linaloshuka lenyewe

Watu wa nchi nyingine walipambana na mito mikubwa kabla yetu, na walichojifunza kinatufaa. Nchini China, yapata mwaka 256 KK, Li Bing alisimamia kazi za Dujiangyan kwenye mto Min. Mawe ya mto yalikuwa madogo, yakibebwa na mkondo kila yalipowekwa. Mafundi wakasuka mianzi kuwa vikapu virefu, wakavijaza mawe, na kikapu kizima kikawa kizito kuliko nguvu ya maji. Vikapu vya waya vilivyojaa mawe, ambavyo mafundi wetu huviita gabioni, ni wazo hilohilo. Uzuri wake ni kwamba hupinda. Sakafu ikichimbwa kidogo, kikapu huinama kuifuata, wakati ukuta wa zege hubaki umenyooka juu ya tundu mpaka uvunjike.

Kaskazini mwa Bara Hindi, mwishoni mwa karne ya 19, wajenzi wa reli walikabili mito ya Punjab inayotangatanga juu ya mchanga mwembamba usio na mwamba wa karibu. J. R. Bell alibuni matuta marefu ya kuuongoza mto uende chini ya daraja, na mwaka 1903 Francis Spring aliuandikia utaratibu huo kitabu cha kazi. Moyo wake ni jambo rahisi la ajabu. Badala ya kuchimba msingi hadi kina kirefu chini ya maji, walimwaga mawe mengi mbele ya mguu wa tuta, yakalala tu kwenye sakafu kama zulia pana. Mto ukija kuchimba, unachimba ukingo wa zulia hilo. Mawe yanateleza na kushuka ndani ya shimo, yanaufunika mteremko mpya, na kuusimamisha mmomonyoko palepale ulipotaka kuendelea. Mto wenyewe unaliweka jiwe mahali pake.

Ili hilo lifanyike, hesabu lazima iwe ya kweli. Kwanza ni kina. Mwaka 1930 Gerald Lacey, mhandisi wa mifereji nchini India, alitoa kanuni ya kukadiria kina ambacho mto wa mchanga hujichimbia kulingana na wingi wa maji na ukubwa wa chembe za mchanga. Mafundi huzidisha kina hicho kwa moja na robo penye mto ulionyooka, moja na nusu penye kona ya kawaida, hadi mara mbili penye kona kali. Mawe yanayowekwa lazima yatoshe kuufunika mteremko mpaka chini kabisa ya shimo hilo, kwa ulalo wa hatua mbili kwenda mbele kwa kila hatua moja ya kushuka. Mawe yakipunguzwa ili kuokoa fedha, zulia huisha kabla ya shimo, na fedha zote zilizotumika huenda na maji.

Pili ni uzito wa jiwe. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisogeza huongezeka mara 64. Anayeangalia mto wa kawaida na kukisia jiwe la mafuriko hukosea kwa kiasi hicho. Mawe yawe ya ukubwa mchanganyiko pia, yenye pembe, ili madogo yajaze nafasi za makubwa na yashikane.

Tatu ni kile kilicho nyuma ya jiwe. Maji yanayotoka ukingoni hupita kati ya mawe yakinyonya udongo mwembamba, na mawe huzama polepole katika tundu yalilolificha. Dawa ni tabaka la changarawe, au kitambaa kigumu kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kilichotandikwa kabla ya mawe. Nne ni ncha. Kinga lazima ianze juu ya kona na kumalizika chini yake, na miisho yake iingizwe ndani ya ukingo. Vinginevyo mto huzunguka nyuma, na kinga hubaki kisiwa katikati ya maji.

Mimea ina kazi yake, na ni kazi ya juu. Matete, mianzi, mikuyu na nyasi zenye mizizi mirefu hushika udongo wa mteremko na kupunguza kasi ya maji yanayopita kando. Mizizi hiyo haifiki kwenye sakafu ya kona iliyochimbwa mita nne au tano. Jiwe lilinde mguu, mmea ulinde mwili. Kimoja kikikosekana, kingine hakitadumu.

Masika ya Kilosa

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ziliujaza Mkondoa. Tuta linaloukinga mji wa Kilosa lilipasuka, maji yakaingia katika makazi, na maelfu ya watu wakahamia kwenye kambi za mahema. Juu ya bonde, reli ya kati ilikatika katika sehemu nyingi kati ya Kilosa na Gulwe. Penye kona tuta liliondoka na kuacha reli zikining'inia hewani na mataruma yake. Penye midomo ya makorongo mchanga uliifukia njia. Kwa miezi treni hazikupita. Mizigo ya Kigoma na Mwanza, pamoja na ile ya kwenda Burundi na Kongo, ikapanda malori kwa nauli ambayo hatimaye ililipwa na mnunuzi wa sukari na saruji huko bara.

Wataalamu wa shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, walikuja baadaye kukichunguza kipande hicho kwa kina. Waliyoyakuta si mageni kwa genge lolote la reli lililowahi kupiga kambi Godegode. Matatizo ni mawili yanayopingana, katika bonde moja: mahali fulani mto huchimba mguu wa tuta, na mahali pengine huleta mchanga mwingi kiasi cha kuinua sakafu hadi madaraja yanakosa nafasi ya kupitisha maji. Ukinyanyua reli bila kulinda mguu, umejenga tuta refu zaidi la kuanguka. Ukilinda mguu bila kujali mchanga, mto utainuka na kuruka juu ya kinga yako.

Kuna pia mambo tunayoyafanya wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mabonde yetu mengi, mstari wa mwisho wa mahindi uko pale ukingo unapokatika. Mkulima anafuata unyevu, na njaa yake ni ya kweli. Mchanga wa kujengea nao huchotwa palipo rahisi kufikiwa na lori, ambapo mara nyingi ni karibu na daraja. Kila tipa linaloondoka na mchanga wa sakafu linashusha sakafu hiyo, na kuiondolea nguzo ya daraja na mguu wa ukingo sehemu ya udongo ambao vinauegemea. Tunajenga nyumba kwa mchanga uliokuwa ukishikilia barabara ya kutufikisha kwenye nyumba hizo.

Mpwapwa, yanakoanzia mafuriko

Misafara ya zamani ilipotoka bonde la Mkondoa ilipita ziwa Gombo na kupumzika Mpwapwa, kujipatia maji na chakula kabla ya kuingia nyika ya Marenga Mkali na nchi ya Ugogo. Kwangu pia hapa ndipo njia ilipopata maana yake kamili.

Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, R. R. Staples alipima jambo ambalo wakulima walilijua kwa macho. Alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, akapima maji na udongo uliotoka katika kila kimoja. Kwenye kichaka kilichoachwa bila kulishwa mifugo, chini ya asilimia moja ya mvua ndiyo iliyotiririka, na udongo haukuondoka. Kwenye nyasi nzuri ilikuwa karibu asilimia mbili. Kwenye shamba la nafaka ilikuwa robo ya mvua, na kwenye ardhi tupu nusu nzima ya mvua ilikimbia, ikibeba tani zipatazo 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Ni miongoni mwa vipimo vya kwanza vya aina hiyo Afrika, na vilifanywa juu kidogo ya mto unaobomoa reli ya kati.

Clement Gillman aliiona picha hiyo mapema. Alianza kazi katika ujenzi wa reli hii wakati wa Wajerumani, akaja kuwa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika wakati wa Waingereza. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya mahali watu wa Tanganyika wanapoishi, akionyesha jinsi makazi yanavyofuata maji. Akili yake haikuishia kwenye chuma na mataruma. Alielewa kwamba anayetunza reli katika nchi hii anatunza maji kwanza.

Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwaka 1957 kwenye mfumo huohuo wa Kinyasungwe, lilitoa ushahidi mwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, akiwemo Anders Rapp, walichapisha mwaka 1972 vipimo vilivyoonyesha jinsi bwawa hilo na mengine ya Dodoma yalivyokuwa yakijaa udongo kwa kasi. Udongo unaojaza mabwawa ni ndugu wa mchanga unaofukia reli Gulwe. Na kwamba ardhi inaweza kupona tumeliona Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililochimbika zaidi. Uoto ulirudi. Wafugaji walibeba gharama hiyo kwa kuhamisha mali yao, na nchi inapotaka jambo kama hilo tena lazima iwatazame kwanza wale watakaolilipa.

Kazi isiyoonekana

Mwezi Julai 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria hadi Dodoma. Kati ya Kilosa na Kidete njia mpya inapenya milima kwa mahandaki na kuvuka mabonde kwa madaraja marefu, ikikwepa kona nyingi ambazo reli ya zamani ilizifuata. Ni jibu zuri, na ni jibu la gharama kubwa ambalo halitapatikana kwa kila barabara ya wilaya, kila kijiji na kila shule iliyo kando ya mto. Hata reli mpya haijatoka kabisa katika bonde. Nguzo zake zina mguu, matuta yake yana mguu, na Kinyasungwe bado inapokea makorongo yaleyale ya Mpwapwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mto, ufa uko chini ya maji, hivyo anayetaka kuuziba lazima aende kuutafuta. Zulia la mawe lililofanya kazi yake vizuri ni lile ambalo sehemu yake imekwisha kuteleza na kuzama. Maana yake linahitaji kuongezewa mawe kabla ya mvua zinazofuata. Kinga ya mguu ni ahadi ya kurudi kila mwaka, na bajeti zetu hupenda kazi inayomalizika siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo nasema kwa uzito wote: kila mamlaka yenye tuta, daraja au mji kando ya mto iwe na daftari la kona zake. Kila baada ya masika kina cha maji penye kona hizo kipimwe, si urefu wa ukingo peke yake. Rundo la mawe ya uzito uliohesabiwa liwekwe karibu kabla ya mvua, na fedha za kuliongeza ziwe katika bajeti ya matengenezo kila mwaka, kama mafuta ya treni. Uchotaji mchanga karibu na nguzo ukomeshwe, na mkulima wa ukingoni atafutiwe mahali pengine kabla ya kuamriwa aondoke. Na anayepanga matengenezo ya Kilosa akae meza moja na anayepanga malisho ya Mpwapwa, kwa kuwa jiwe la Kilosa halitatosha iwapo nusu ya mvua ya Mpwapwa itaendelea kukimbia juu ya ardhi tupu.